Mwaka Mmoja wa Upepo

Kijijini kwetu mtambo wangu wa upepo unaitwa feni. Siku ulipopandishwa juu ya nguzo, mzee mmoja jirani alisimama njiani akautazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwa nini mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu aweke feni nje, tena huku Nyamira, mahali ambapo watu huvaa sweta mwezi wa saba. Nilicheka pamoja na wengine. Siku hizo niliweza kucheka kwa sababu feni ilikuwa inazunguka.

Boma letu liko juu ya mgongo wa kilima. Ukitoka Nyamira mjini kuelekea Keroka unaacha lami, unapanda katikati ya mashamba ya majani chai mpaka njia inapokwisha, na hapo ndipo anapoishi mama yangu, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mapafu ya mama yameharibika. Daktari mmoja wa Kisii aliinua picha ya kifua chake mbele ya taa akasema ni moshi. Miaka yote ile ya kupika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, akituchemshia ndizi na kutusongea ugali wa wimbi, ilikuwa imekaa humo ndani ikisubiri kupigwa picha. Tangu siku hiyo mama anaishi na mashine ya oksijeni. Ni sanduku lenye magurudumu, la ukubwa wa mkoba wa safari, linalovuta hewa hii tunayoivuta sisi sote, linaichuja, kisha linampa iliyo safi kupitia mrija wa puani. Halihitaji nesi. Linahitaji stima tu.

Na stima ya kwetu ni kitu cha kusimuliwa. Mvua ikinyesha inapotea, na mvua ikiisha inachukua siku kadhaa kukumbuka njia ya kurudi. Transfoma yetu imewahi kuungua, ikaletwa nyingine, nayo ikaungua, mpaka watoto wa shule wakadhani transfoma ni kitu kinachovunwa kwa msimu.

Watu huniuliza kwa nini sikuweka sola kama mtu wa kawaida. Niliweka. Ziko juu ya paa, na asubuhi hufanya kazi vizuri. Lakini milima yetu hufunikwa na mawingu adhuhuri inapofika, na mashine ya mama hula umeme kutwa kucha. Hilo ndilo jibu la heshima. Jibu lenyewe hasa ni kwamba jua halikuwa somo langu. Nilisoma jiografia, nikaandika tasnifu nene kuhusu pepo za nyanda za juu, na tangu nihitimu sikuwahi kukutana na mtu aliyehitaji kujua hata ukurasa mmoja wake. Nafundisha masomo ya jioni katika chuo kimoja mjini Kisii na kuandika makala ambazo wasomaji hunitumia masahihisho yake. Halafu mama akaanza kukosa hewa, na ghafla, nikiwa nimepita umri wa kutarajia jambo kama hilo, tasnifu yangu ikapata kazi.

Sikukurupuka. Hilo nataka lieleweke. Kabla ya kununua chochote nilisimamisha mti mrefu nyuma ya nyumba, nikafunga juu yake kipima upepo, kile chenye vikombe vidogo vinavyozunguka, na nikapima mwaka mzima. Wauzaji wengine wa mitambo hukuambia mwezi mmoja watosha. Mimi nilipima mvua ndefu na mvua fupi, nikapima baridi ya katikati ya mwaka na kiangazi cha Januari. Kila Jumapili nilitoka Kisii kwenda kusoma namba, na mama angeniletea kiti kana kwamba kusoma namba ni kazi ya kukaa. Upepo ulikuwa mzuri. Alasiri ulikuwa mzuri zaidi. Ulipanda kutoka upande wa mashariki, ukapita juu ya majani chai, ukafika kwetu ukiwa na nguvu za kuangusha nguo kwenye kamba. Nilikokotoa wastani. Nikauzungumzia wastani huo mezani, mbele ya mdogo wangu na mke wake, kwa sauti ambayo watu huitumia kumtambulisha mchumba.

Na mwaka wa kwanza feni ilizunguka. Betri zilijaa, mashine ya mama ikanguruma mchana na usiku bila kukata, na yeye akaupenda mtambo ule kwa namna ambayo hakuwahi kuzipenda makala zangu. Alikaa barazani na mrija wake puani, akipepeta mahindi kidogo kidogo, akitazama juu. Stima ilipopotea kwa majirani, walikuja kwetu kuchaji simu, naye akawapangia foleni kama karani wa benki.

Kisha ukaja mwaka uliofuata.

Upepo haukukoma. Ungekoma ningeelewa, kitu kilichokoma unaweza kukililia. Ulilegea tu. Nguo zilining'inia kwenye kamba zikakauka bila kuyumba. Moshi wa jikoni kwa mdogo wangu ulipanda wima kama nguzo. Na mvua zilikuwa nyingi mno, mvua nzito zinazoshuka moja kwa moja bila kuinama upande wowote, na mawingu yakakaa juu ya kilima tangu asubuhi, kwa hiyo hata zile sola zikawa mapambo.

Kuna hesabu moja ya umeme wa upepo ambayo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi bila kuionea huruma. Upepo ukipungua kufikia nusu, umeme haupungui kufikia nusu. Unabaki sehemu moja kati ya nane. Darasani ni hesabu ya kupendeza. Wanafunzi huinua nyusi. Nyumbani ilikuwa ni mama yangu anayezima mashine mwenyewe baada ya chakula cha mchana ili betri zibaki na nguvu za usiku. Alikuwa akijikalia wima kwenye kiti, mikono juu ya magoti, midomo ikianza kuwa na rangi ya zambarau, na ukimsemesha anainua kidole kimoja: subiri, napumua.

"Feni imechoka?" aliniuliza siku moja alipopata pumzi ya kuuliza. Nyumbani tunazungumza Kigusii, na katika Kigusii swali hilo halina kejeli yoyote.

"Upepo umepungua, Mama."

"Si uliupima?"

"Niliupima."

Alinitazama bila lawama, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Nilijua kilichotokea. Nilikijua kama mtu anavyojua jina la ugonjwa wake. Upepo una miaka yake. Bahari ya Hindi, ambayo mama hajaiona na mimi nimeiona kwenye safari moja ya chuo, huwa na miaka ya joto upande wetu na miaka ya baridi, na Pasifiki iliyo mbali zaidi nayo ina zake. Joto hilo likihama, mvua zinahama, na pepo zinazotegemea tofauti ya joto kati ya mahali na mahali zinaimarika au zinalegea. Hakuna aliyekosea. Hakuna kilichoharibika. Ni hali ya hewa ikijigeuza usingizini, kama inavyofanya tangu kabla ya kuwa na watu wa kuilaumu. Mwaka wangu mmoja wa kupima ulikuwa ni kumkuta mtu akicheka na kuandika kwamba ndivyo uso wake ulivyo. Ilinibidi niwe na miaka mingi ya vipimo, na sikuwa nayo, na mama hakuwa nayo.

Lakini jaribu kuwaambia watu hivyo. Jaribu kusimama mbele ya majirani wanaomsikia mama yako akikohoa na kusema kwamba chanzo ni joto la maji yaliyoko mbali sana. Walitaka mkosaji anayeonekana, na mkosaji alikuwepo. Alikuwa amejipanga mstari mmoja upande wa mashariki, kwenye mpaka wa shamba langu na la mdogo wangu: mikaratusi yake.

Kwetu kila mtu hupanda mikaratusi mpakani. Ni akiba, ni ukuta, na ni njia ya kumwambia ndugu yako kwamba mpaka unapita hapa. Mdogo wangu aliipanda apate mbao za paa la nyumba ya mawe anayotaka kuijenga kabla hajazeeka. Inakua upesi, hilo hakuna anayebisha. Mwanzoni mtu mmoja alisema miti imemeza upepo. Baada ya wiki chache kijiji kizima kilikuwa kinasema hivyo, na wengine walishangaa kwamba mimi, kwa elimu yangu yote, sikuwa nimeliona.

Nililichunguza. Mapanga ya mtambo yako juu sana kuliko vilele vya miti ile, nayo miti iko mbali. Inaweza kuvuruga upepo kidogo. Haiwezi kuulegeza hivyo. Na kipima upepo changu cha zamani, ambacho nilikihamishia kwa rafiki upande wa pili wa kilima ambako hakuna mkaratusi hata mmoja, kilionyesha ulegevu ule ule. Nilikuwa na ushahidi wote. Hata hivyo, Ijumaa moja asubuhi, stima ikiwa imepotea tangu Jumatano na betri zikiwa zimekaribia kwisha, niliuvuka mpaka.

Mdogo wangu alikuwa anakamua ng'ombe. Hakusimama.

"Hiyo miti yako," nikasema.

"Nilijua utaifikia. Hata kanisani wananitazama kama mtu aliyemkalia mama yake kifuani."

"Inazuia upepo."

"Mwaka jana ilikuwepo na feni ikazunguka."

"Imekua tangu hapo."

"Imekua. Hata mimi nimekua." Akaacha kukamua. "Profesa, hebu niambie kama mtu aliyesoma, si kama mkubwa wangu. Inazuia?"

Ng'ombe aligeuka akanitazama, naye pia akingoja.

"Labda," nikasema.

"Labda ya shuleni au labda ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

Alicheka kidogo kupitia puani. Kisha akatazama maziwa ndani ya ndoo. Sauti ya mama akikohoa ilitufikia kutoka ng'ambo ya ua, kile kikohozi kifupi kisicho na nguvu ya kutoa kitu.

"Bado ni myembamba," alisema mwishowe. "Haitatoa mbao. Itatoa vijiti vya banda la kuku." Akasimama. "Nitampigia mtu wa msumeno. Aje kesho."

Kesho ilikuwa Sabato. Sisi sote tulilisahau hilo, watoto wa mama ambaye hajawahi kuwasha moto wa kupikia siku ya Sabato hata wakati wa uchungu wa kuzaa. Alisikia mpango wetu kupitia dirishani. Alituita, akavua mrija puani ili tumsikie vizuri, na akazungumza kwa vipande, akipumzika kati ya kipande na kipande.

"Hakuna mti utakatwa Sabato. Kwa ajili ya pumzi yangu. Hapana."

"Mama, Mungu anaelewa," mdogo wangu akasema.

"Anaelewa. Mimi ndiye sielewi." Akapumzika. "Jumapili."

Kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni tuliouweka akiba kwa ajili ya dharura. Tuliufungua kidogo, kidogo sana, na tukaipita Sabato ile tukiuangalia mshale wake ukishuka. Waumini walikuja kumwombea mchana. Waliimba kwa sauti za chini ili wasimchoshe, naye akawafuata kwa midomo bila sauti, na mimi nikasimama mlangoni nikikokotoa: mtungi, betri, mawingu, saa za kungoja. Hesabu ilikataa kutoka. Niliirudia kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta ufunguo ambao anajua haumo.

Jumapili watu wengi walikuja kuliko waliokuja siku ya kuusimamisha mtambo. Mtu wa msumeno alivuta kamba, injini ikalia, na mti wa kwanza ukaanza kuinama. Ulipoanguka ulisukuma hewa iliyokuwa mbele yake, na hewa ile ikapanda hadi kwetu, na mapanga ya feni yakazunguka nusu mzunguko. Watu walipiga makofi. Mke wa mdogo wangu aliruka. Mama, kwenye kiti chake barazani, alishika mkono wangu.

Kisha mapanga yakasimama.

Mti wa pili ukaanguka, mapanga yakasogea, yakasimama. Wa tatu vivyo hivyo. Baada ya muda makofi yalikoma, lakini hakuna aliyemwambia mtu wa msumeno aache. Hata mimi. Mdogo wangu alifuata nyuma yake, akivuta matawi kando, bila kutazama juu. Mstari wote ulipokwisha tuliona kitu ambacho hatukuwa tumekiona kwa miaka: kilima cha pili, na mashamba ya watu wengine, na barabara ya Keroka kwa mbali na malori yake madogo. Mwanga mwingi ulituangukia. Hewa ilinuka kama dawa ya mafua. Tulisimama hapo wote, nyuso zimeelekea mashariki, tukiungoja upepo kama watu wanaomngoja mgeni aliyekwisha kupiga simu kusema haji.

Yule mzee jirani alikuwa wa kwanza kuondoka. Alinipita akanigusa bega. "Pole, mwalimu," akasema, na safari hii hakuuliza kitu.

Mdogo wangu alikuja akaketi kwenye kisiki. "Ilikuwa labda ya nyumbani kweli," akasema. Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo.

Niliingia nikamweleza mama yote, kwa Kigusii, ambacho hakina maneno ya mambo haya, na labda ndiyo maana niliyasema wazi kuliko nilivyowahi kuyasema darasani. Nilimwambia kwamba miti haikuwa na hatia na nilijua. Nilimwambia kwamba upepo una miaka mizuri na miaka mibaya, na kwamba mimi niliupima katika mwaka mzuri.

"Utarudi?"

"Utarudi."

"Lini?"

"Sijui. Labda mwakani. Labda mwaka unaofuata."

Aliyatafakari hayo akihesabu pumzi zake. Tulikuwa tumemsihi mara nyingi ahamie kwangu mjini, akakataa. Mwanamke hawezi kuiacha nyumba ya mumewe ifungwe mchana kama duka lililofilisika. Sasa alitazama kuta zile moja moja.

"Nipeleke," akasema. "Lakini usiwaambie watu ni upepo. Sema nimekuja kukupikia. Umekonda."

Sijakonda. Mtu yeyote aliyewahi kuniona anajua sijakonda. Lakini ndivyo tulivyowaambia, na kwa wema wao walijifanya kuamini.

Mjini Kisii napanga ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mwenye jengo, Mhindi mzee aliyezaliwa mjini humu na anayezungumza Kigusii vizuri kuliko wanafunzi wangu, ana jenereta nyuma ya duka. Alipomwona mama akipandishwa ngazi, akipumzika kila baada ya vidato vichache, alienda kumtafuta fundi. Siku iliyofuata fundi alivuta waya mpaka kwenye chumba cha mama. Stima ya mjini nayo hupotea, ila jenereta huamka. Mashine inanguruma. Midomo ya mama imerudi rangi yake.

Na ananyauka. Hana baraza, hana mahindi ya kupepeta, hana mtu wa kumpangia foleni. Anakaa dirishani akitazama watu wakishuka kuelekea sokoni Daraja Mbili na mikungu ya ndizi vichwani, na anakisia kila mtu ametoka kijiji gani. Jioni ananiuliza kama nyumba imefunguliwa leo. Namwambia mdogo wangu huifungua kila siku. Ananiuliza tena.

Wiki iliyopita mdogo wangu alipiga simu. Nilisikia kabla hajasema: nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo.

"Inazunguka," alisema. "Tangu Jumatatu. Betri zimejaa pomoni, watu wamerudi kuchaji simu. Usimwambie bado."

Lakini simu yangu ina sauti kubwa, na masikio ya mama hayana ugonjwa. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kuuvuta mkoba wake kutoka chini ya kitanda na alikuwa anakunja leso, kwa utaratibu, akipumua kwa utaratibu.

"Mama, ni siku chache tu za upepo."

"Nimesikia."

"Hatujui kama mwaka umegeuka. Unaweza kuvuma wiki mbili ukalala tena. Na stima ya kule unaijua."

"Naijua."

"Inabidi tungoje tuone. Mwaka mzima. Hata zaidi ya mwaka."

Aliacha kukunja. "Wewe uliuamini mwaka mmoja," akasema. "Mimi naiamini wiki moja. Tofauti yetu ni shahada."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa sahihi: kwamba mwaka mmoja haukutosha, wala wiki haitoshi, na miaka inayotosha ni mingi kuliko aliyobakiwa nayo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyonikwama. Aliiona ikinikwama. Akaketi kitandani, akaurekebisha mrija puani, akaniachia nafasi kando yake.

"Sema," akasema. "Naweza kungoja mpaka umalize kufikiri."

Nikaketi. Chini, jenereta ya mwenye jengo ilikuwa imezimwa kwa kuwa stima ipo. Mkoba ulikuwa kati yetu, mdomo wazi, leso zimepangwa, na sikujua kama nikiunyoosha mkono nitaufunga mkoba au nitazitoa leso.